Stoo Isiyo na Mlango

Haya, sogea nikutegee. Nina nyumba. Ndani ya nyumba mna stoo, na stoo haina mlango wala dirisha. Mwenye nyumba hajaingia humo hata siku moja, ukimuuliza mna nini anababaika, lakini gusa ukuta wake uone: atakurukia kama kuku mwenye vifaranga. Ni nini hiyo?

Ushasema yai. Nilijua tu utasema yai. Si yai, yai ukilivunja angalau unapata cha kukaanga. Basi andaa mji wa kunipa, na jibu tuliache lije kwa miguu yake lenyewe.

Palikuwa na mwanamke mshonaji wa mapazia. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, na wateja walimwita Mama Pazia, hata wale waliolijua jina lake. Mumewe alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Mafundi ujenzi walimpa jina la Rula, kwa sababu hata akikuelekeza njia ya kwenda dukani alinyoosha mkono ukadhani anakupigia mstari. Meza yake ilikuwa ukuta wa pili, mkabala na cherehani, na juu yake ilikaa kompyuta yake ya mpakato, nzito kama tofali, aliyoinunua mpya ndani ya boksi walipokuwa ndio kwanza wameoana. Mchana kutwa mmoja anachora nyumba za watu, mwingine anazivalisha madirisha.

"Bosi," Rula alikuwa akimwambia mkewe, "hicho kitambaa cha maua umekikata kwa mkasi au kwa meno?"

"Kwa meno. Nafanya mazoezi ya kukung'ata wewe."

Ndivyo walivyokuwa. Cherehani inanguruma, redio inaimba, na hawa wawili katikati wanatupiana maneno kama watoto wanaorushiana maganda.

Kisha siku moja Rula alikwenda kupima ngazi kwenye ghorofa lililokuwa likijengwa. Akakanyaga ubao, ubao ukahama.

Hospitali ilikaa naye muda mrefu, halafu ikamrudisha. Kwa nje alikuwa Rula yule yule: kovu la kidevuni ni lake, mwendo wa kutanguliza bega ni wake, hata mtindo wa kuanza na soksi ya kushoto ni ule ule. Ila aliyemo ndani ya soksi hizo, Mama Pazia hakumfahamu. Huyu hakutania. Maneno yalimponyoka, birika aliliita "ile ya kelele", na kitana akakiita "reki ya kichwa". Redio ikazimwa. Sauti ya cherehani ilimwingia kichwani kama msumari, kwa hiyo mkewe akaihamishia kibarazani, akawa anashona huko huku upepo ukimnyang'anya vitambaa. Na hasira za huyu mtu zilikuja bila kupiga hodi. Kuna asubuhi alikirusha kikombe ukutani kwa kuwa chai ilikuwa ya moto, kisha akakaa anavitazama vigae kana kwamba kikombe kimevunjwa na mtu mwingine, na huyo mtu ameshaondoka.

Wala hakumwita tena mkewe Bosi. Neno hilo lilibaki kule kwenye ghorofa. Alimwita "mwenye nyumba", kama alivyozoea kuwaita wateja waliomletea viwanja vyao awachoree. "Mwenye nyumba, maji." "Mwenye nyumba, zima taa." Mama Pazia anaitika, na kila akiitika anameza kitu kisichomezeka.

Daktari alikuwa amesema mengine yatarudi na mengine hayatarudi, na hakuna kipimo cha kujua yapi ni yapi. Mama Pazia alilichukua lile neno la kwanza akalifunga kwenye pindo la nguo. La pili akaliacha palepale, juu ya meza ya daktari.

Rula hakuliacha. Siku moja mkewe akimfunga vishikizo vya shati, alimshika mkono.

"Yule asiporudi," alisema, neno moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka maji kwa kurukia mawe, "utabaki?"

"Nyanyua kidevu," mkewe alisema. "Kishikizo cha juu hakifungi."

Tangu hapo swali hilo likakaa ndani ya nyumba kama kiti kilichoachwa njiani. Kila mmoja anakizunguka, hakuna anayekiondoa. Na chini ya kitanda, tangu asubuhi ya kikombe, likakaa begi la Mama Pazia lenye nguo zake na mkasi wake mzuri. Dada yake alikwishamwambia chumba kipo, akichoka, aje.

Kilichomtoa Rula kitandani ni kuchora. Hakuweza kulitaja neno lenyewe, alipiga mstari hewani kwa kidole, na mkewe akaelewa. Akakaa mezani, akaifungua kompyuta. Maskini. Kompyuta ile hata mtu mwenye kichwa kizima ingemtoa jasho. Mpaka iwake, ungeweza kupiga pasi shati na suruali yake. Ikishawaka, vijisanduku vinachomoka pembeni vikilia ting, ting: sasisha hiki, nunua kile, una virusi, thibitisha kwamba ni wewe. Rula akianza mstari, kijisanduku kinamrukia katikati. Akaifunga kwa kofi. Akaifungua tena. Mwisho akaishika kwa mikono miwili, akainyanyua juu ya kichwa, na kama Mama Pazia asingewahi kuidaka, leo ningekuwa nakusimulia habari za chuma chakavu.

Ndipo Mama Pazia akampigia simu wifi yake.

Wifi huyu ni mdogo wake Rula, fundi wa kompyuta, mwenye kibanda chake sokoni. Mwanamke mfupi, mkoba umejaa bisibisi, na mdomo usiojua likizo. Alifika mchana, jua likiwa kichwani.

"Wifi yangu! Mbona umekonda hivyo? Mapazia unayashona au yanakushona?"

"Na wewe mbona umefura? Kompyuta za watu unazitengeneza au unazimeza?"

"Shukuru umepata mimi. Wifi wengine wanakatika kila mvua ikinyesha."

Wakacheka, wakajiziba midomo wote wawili kwa pamoja, maana Rula alikuwa ameshakunja uso. Wifi alimzunguka kakake akamjia kwa mbele, asimshtue.

"Kaka. Nimekuja kuitibu hiyo yako."

"Inapiga kelele."

"Nitainyamazisha."

Kwanza alichomeka diski ya pembeni, akahamishia humo michoro yote ya Rula, nyumba za miaka mingi, moja moja mpaka ya mwisho. Halafu akaeleza. Mfumo uliomo umechoka, alisema, na kila siku unazidi kujitwisha mizigo. Yeye atautoa, aweke mwingine unaoitwa Linux. Huo ni mwepesi, haumnadii mtu biashara, haulii ting, na una programu ya kuchorea ramani isiyodai chochote. Akachomeka flashi yenye mfumo huo, akaizima kompyuta, akaiwasha tena huku kidole chake kikibonyeza kitufe kimoja bila kuchoka, ili iamkie kwenye flashi na si kwenye mfumo wake wa zamani. Ikaamka. Akafungua picha ya diski: utepe mrefu wa rangi, uliokatwakatwa vipande.

Rula akavuta kiti. "Ni ramani," alisema.

Wanawake wakatazamana.

"Ni ramani kweli, kaka," wifi alisema, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Tazama. Hiki kipande chembamba cha mbele ni kizingiti. Kompyuta ikiamka hukanyaga hapo kwanza. Hatukigusi. Hiki kikubwa cha katikati ni ukumbi; humo ndimo unamokaa mfumo wa zamani na takataka zake. Huu tunaubomoa, tunaujenga upya."

Rula alishachukua karatasi na penseli. Mkono ule ule uliokuwa ukimwaga chai ukapiga mstari mnyoofu kama uzi uliovutwa, ukapiga na wa pili, ukakata kona. Mama Pazia akashika kifua.

"Na hapa nyuma?" aliuliza, ili asilie.

"Hapo ni stoo. Wenye kiwanda waliificha humo kompyuta nzima, kama ilivyokuwa siku inatoka kwao. Ukiiamsha hiyo stoo, inafuta kila kitu na mashine inakuwa mpya tena. Wengi huitoa wapate nafasi. Na diski yenyewe hii ndogo, mimi nashauri..."

"Usiiguse."

"Wifi..."

"Bomoa unachotaka. Hiyo stoo ibaki."

"Haya, ya kwako. Ila usije ukadhani mna kitu chake humo. Michoro hamna, picha hamna. Ni kompyuta kabla kaka hajaitia hata kidole. Jina lake hailijui."

"Nimesikia."

"Sasa unaiwekea nini?"

Mama Pazia akakunjua kitambaa kilichokuwa begani, akakikunja upya. "Akipona," alisema, sauti ikielekea chini, "akipona atataka vitu vyake viwe kama vilivyokuwa."

Rula hakuinua uso. Penseli ilikuwa imefika nyuma ya nyumba, ikasimama hapo kwa muda, kisha ikaendelea.

"Haina mlango," alisema.

"Nini, kaka?"

"Stoo. Haina mlango."

"Ya kompyuta hiyo, haihitaji."

Umeona sasa? Jibu ndilo hilo, na mji umenikosesha bure. Lakini kitendawili hiki kina ncha mbili. Stoo umeijua, bado hujaniambia mwenye nyumba anachokilinda humo ni nini, na hata yeye mwenyewe wakati ule asingekuambia.

"Wifi, njoo unionyeshe sukari," fundi alisema ghafla, na mtu yeyote angejua hatafuti sukari. "Kaka, usibonyeze kitu."

"Nachora," Rula alisema.

Jikoni wifi aliurudisha mlango. Birika lilikuwa juu ya jiko, mfuniko umefungwa kitambaa lisipige mluzi.

"Nimeliona begi," alisema.

"Umechungulia chini ya kitanda changu?"

"Niliinama kutafuta soketi, kaka aliniambia ipo huko. Usinigeuzie maneno."

Mama Pazia akapanga vikombe kwenye sinia. Akavipanga tena.

"Sikulaumu," wifi alisema. "Naapa sikulaumu. Mimi mwenyewe nikikaa naye toka asubuhi hadi jioni, narudi kwangu nimechoka kama niliyebeba gunia. Nauliza tujipange. Ukiondoka, ni mimi nitakayehamia hapa na bisibisi zangu."

"Sijasema naondoka."

"Na hujasema unabaki."

"Unataka niseme nini?" Mama Pazia aligeuka, na yale aliyokuwa akiyameza yote yakaja juu. "Watu wananipa pongezi, wifi. Njiani, dukani, kila mahali. Ooh, mshukuru Mungu, mumeo kapona. Nashukuru. Namshukuru kila siku. Lakini yule wa redio yuko wapi? Yule wa Bosi? Mtu akifa unapewa siku za kulia, unakaa chini, watu wanakuja. Mimi nikalie wapi, na mwenyewe amekaa pale anaomba maji?"

Wifi aliliepua birika. Alimimina chai, akatia sukari ambayo alikuwa anaiona tangu mwanzo, akamfungulia mlango.

Mama Pazia alitangulia na sinia. Alifika katikati ya chumba, macho yakaenda kwenye skrini. Kizingiti kilikuwepo. Baada yake ukaja ukumbi, ukanyooka, ukanyooka, mpaka ukuta wa mwisho. Stoo haikuwepo.

Sinia likamtoka.

Kelele zake usiniulize. Vikombe, vijiko, bati kwenye sakafu. Rula akajikunja, akaziba masikio, na siku nyingine yoyote mkewe angemkimbilia. Siku hiyo alipiga kelele zaidi ya vikombe.

"Umefanya nini? Umefanya nini wewe? Umeifuta! Kitu kimoja tu, nimeomba kitu kimoja tu kisiguswe! Sasa atarudije? Niambie, atarudije?"

Chai ilikuwa ikienea sakafuni, inatafuta njia chini ya meza. Rula aliishusha mikono yake kutoka masikioni, mmoja, kisha wa pili.

"Nani?" aliuliza.

 Swali hilo lilikuwa ndugu wa lile la vishikizo, na Mama Pazia aliyatambua yote mawili yamesimama mbele yake yameshikana mikono.

Wifi aliruka vigae, akainama kwenye skrini. Pumzi yake ilisikika ikitoka. "Tulia. Tulia, wifi. Njoo uone hapa chini. Kazi imeagizwa, haijatekelezwa. Programu hii ina adabu zake: unaipangia bomoa hapa, jenga pale, yenyewe inangoja. Mpaka ubonyeze hii alama ya kukubali, kwenye diski hakijaguswa hata kijiti. Stoo ipo."

"Ipo?"

"Nzima kama ilivyokuwa."

"Ni mchoro," Rula alisema. Aliyatafuta maneno, na safari hii hakukasirika yalipochelewa. "Sijabomoa. Chumba hakina mlango. Mtu haingii, mtu hatoki. Hicho si chumba, ni... ni kosa. Kosa la mchoraji. Nikiona kosa nasahihisha, ukumbi unapata nafasi. Halafu nangoja sahihi. Mwenye nyumba ndiye anatia sahihi."

Alikuwa amefanya alichokifanya maisha yake yote. Ukimletea Rula ramani yenye chumba kisichoingilika, halali mpaka akiondoe. Na ukimpa ukumbi wa kubomoa, hagusi tofali mpaka mwenye mali aseme ndiyo. Ubao wa ghorofani ulichukua mengi, hilo haukulichukua.

"Ungeniuliza kwanza," mkewe alisema.

"Nilikuuliza," Rula alisema.

Wifi akakumbuka kwamba ufagio uko nje. Akautafuta muda mrefu sana, kwa ufagio ulioegemea mlangoni.

Mama Pazia alichuchumaa, akaanza kuokota vigae na kuvitia kwenye sinia. Aliwaza siku ile ya boksi. Rula alivyoichana karatasi ya nailoni kwa pupa, akaivaa kichwani kama kofia, akasema sasa wewe ni Bosi na mimi mwajiriwa, tuandikiane mkataba. Hilo nalo halimo stooni. Wifi alimwambia waziwazi na yeye akaitika nimesikia: mle ndani mna mashine isiyojua hata jina la mtu. Kwa hiyo alikuwa akilinda nini, miezi yote hii, akizunguka nyumba kwa ncha za vidole, akishona kibarazani kama mpangaji? Alikuwa anamtunzia yule nafasi. Na huyu, aliyekaa pale juu na penseli, alikuwa ameliona hilo kabla yake. Kila asubuhi alifungwa vishikizo na mwanamke anayetazama mlangoni.

Juu yake alisikia mlio mdogo wa kitufe. Akainua kichwa. Rula alikuwa ameirudisha programu hatua moja nyuma, na kwenye utepe wa rangi ile stoo ilikuwa imesimama tena mahali pake.

"Inabaki," alimwambia dada yake alipoingia na ufagio. "Mwenye nyumba anaitaka."

"Na wewe je, kaka?"

"Mimi siipendi." Alifikiri. "Ibaki. Lakini iwekee mlango."

Wifi alimtazama Mama Pazia, akamtazama kakake. "Mlango upo," alisema. "Kweli, sikufariji. Huu mfumo mpya ukishakaa, kompyuta kila ikiwaka italeta mistari. Mstari wa kwanza unakupeleka ukumbini. Wa chini yake unakwenda stoo ya kiwanda. Anayetaka kuingia ataingia, na kila mtu atauona ulipo."

Rula akatikisa kichwa kukubali, akairudia karatasi yake, akachora mlango wa stoo, ule mkunjo wa robo duara wanaoutumia wachoraji kuonyesha mlango unafungukia upande gani. Akaufungulia ukumbini.

Kazi ikaendelea. Wifi alikuwa akisema kwa sauti kabla ya kubonyeza kila kitu, kama mtu anayemsomea kipofu. "Kizingiti nakiacha kama kilivyo, sikisafishi. Ukumbi wa zamani natoa. Mahali pake napasua vyumba viwili: hiki kidogo cha mfumo, hiki kikubwa cha kazi za kaka. Stoo siigusi."

"Hapo umegusa stoo?"

"Sijagusa, wifi."

"Una hakika?"

"Wifi, ukiniuliza tena nakubonyeza wewe." Akabonyeza alama ya kukubali.

Utepe wa buluu ukaanza kutambaa. Walikaa watatu wanautazama, kama watu waliokaa kwenye benchi la hospitali.  Mama Pazia alijifuta chai miguuni. Rula alifumba macho. Ilipofika mwisho, wifi akachomoa flashi, akaizima kompyuta, akaiwasha.

Mistari ikaja, kama alivyosema. Ukumbi juu, stoo chini. Hakuna aliyegusa kitu, na baada ya muda mfupi ukumbi ukafunguka wenyewe. Skrini ilikuwa tulivu. Haikulia ting. Rula aliisikilizia, shingo ameinamisha, anangoja kelele ije. Haikuja.

Michoro ikarudishwa kutoka diski ya pembeni. Rula akafungua mmoja, nyumba ya vyumba vitatu, akauangalia kwa makini.

"Nani alichora hii?"

"Wewe," mkewe alisema.

"Hapa kwenye ngazi pembamba. Mtu ataanguka." Akaanza kupanua.

Wifi alikusanya bisibisi zake. Mlangoni alimshika mwenzake mkono, akaubana, akafungua mdomo.

"Nenda, wifi," Mama Pazia alisema. "Nenda, nakuomba. Utanikuta."

Alipogeuka, aliikuta ile karatasi pembeni mwa meza, akaichukua. Kizingiti. Vyumba. Stoo na mlango wake. Ndani ya ukumbi Rula alikuwa amechora samani, kama alivyozoea, ili mwenye mali ajue nafasi inatosha: meza moja, na viti viwili vikitazamana. Kiti kimoja kilikuwa cha mstari mzima. Cha pili kilikuwa cha nukta nukta.

"Hiki mbona hivi?"

Rula aligeuka kutoka kwenye skrini. "Cha nukta," alisema, "ni ambacho hakijathibitishwa. Nangoja mwenye nyumba."

Mama Pazia alivuta kigoda chake cha cherehani kutoka kibarazani, akaketi mezani, mkabala naye. Akaichukua penseli. Mkono uliokata vitambaa bila chaki maisha yake yote haukuizoea penseli, na aliunganisha zile nukta moja baada ya nyingine, taratibu, kiti kikatoka na mguu mmoja mrefu.

Rula alikitazama kwa uchungu. "Kimepinda," alisema.

"Kiache kipinde."

Alikiacha. Akangoja, mikono juu ya meza.

"Yule asiporudi, nitamlilia," Mama Pazia alisema. "Sijamlilia hata siku moja, na nikianza itakuwa kelele, wewe utaziba masikio tu. Stoo yake usiiguse. Lakini nitamlilia hapahapa, kwenye hiki kiti changu kilichopinda, mbele yako. Nabaki."